Spindeli, kisiagi na stima ya Ukambani

Leo tunaweka kando simu na hifadhidata, tunaingia karakana.

Swali linaloulizwa sana na mafundi wanaoanza kununua au kujenga mashine ndogo za CNC (mashine za kukata zinazoongozwa na tarakilishi) huko Kitui na Makueni ni hili: spindeli niiongoze vipi? Spindeli ni kile kichwa kinachoshika kisu na kukizungusha. Je, nifunge ruta ya mkono yenye swichi yake, niiwashe mwenyewe kila mara? Niweke relei ili bodi ndiyo iwashe na kuzima? Au ninunue spindeli ya kupozwa kwa maji pamoja na inveta yake, tarakilishi ipange hata spidi? (Ruta ninayosema ni ile ya maseremala. Ukienda dukani Nairobi ukasema "ruta" peke yake, utarudi nyumbani na kidude cha kusambaza intaneti.)

Majibu mengi huanza na bei na kuishia kwenye mchoro wa waya. Mimi nitaanza mbali kidogo, kwa sababu kitu hiki kina historia, na sehemu nzuri ya historia hiyo ilipita Ukambani bila mtu yeyote kuiita teknolojia.

Tuanzie pwani. Maseremala wa Lamu, Mombasa na Unguja walikuwa na spindeli kabla ya mota yoyote: keekee. Ule mti unaoshika chuma cha kutobolea huitwa msukano. Kishikio cha juu, ambacho fundi hukikandamiza kwa mkono huku msukano ukizunguka ndani yake, huitwa jivu. Kinachozungusha ni uta, na kamba yake imezungushwa kwenye msukano. Fundi akivuta uta, msukano unazunguka upande mmoja. Akisukuma, unazunguka upande wa pili. Wanaojua lugha ya CNC watacheka: hiyo ni M3, M4, M3, M4 bila kikomo. M3 ndiyo amri ya kuzungusha kwa kufuata mishale ya saa, M4 ni kinyume chake, na M5 ni simama.

Kuhusu keekee, angalia kazi ngapi zinafanywa na mkono mmoja. Mkono unaanzisha mzunguko. Mkono unachagua spidi, polepole kwenye mpingo, haraka kwenye mbao laini. Mbao ikikaza, mkono unahisi na kuongeza nguvu ili spidi isianguke. Na fundi akishtuka, mkono unaacha na msukano unasimama, tena haurudi kuzunguka mpaka mkono uamue. Kuanzisha, kuchagua spidi, kuishikilia, kubaki umesimama: kazi nne. Historia yote inayofuata ni habari ya jinsi kazi hizo zilivyotenganishwa na kupewa vifaa tofauti, na fundi wa leo anayedhani ananunua kitu kimoja kiitwacho "kidhibiti spindeli" mara nyingi amenunua mbili tu kati ya hizo nne.

Bara watu walijua mzunguko kwa sababu nyingine, kupekecha moto. Kijiti kinazungushwa kwa viganja juu ya mti mkavu, hakisogei kwenda popote, joto linapanda mpaka vumbi la mti linashika moto. Shikilia jambo hilo, tutalihitaji mbele.

Unaweza kudhani kwamba kwa kuwa Ukambani ni nchi ya wachongaji, spindeli ingeingia kupitia mbao. Haikuwa hivyo. Uchongaji wa kibiashara unaojulikana duniani ulianzia Wamunyu, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, na huhusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Chombo chake kikuu kilikuwa tezo, na tezo haina spindeli. Inapiga, haizunguki. Vizazi vya twiga na vifaru vilitoka kwenye tezo na kisu cha mkono.

Kwa watu wengi wa vijijini, spindeli ya injini iliingia kupitia unga.

Aliyekulia Mutomo, Mwingi, Kibwezi au Tawa anaujua ule mlio wa kisiagi. Injini ya dizeli ya silinda moja, gurudumu zito la chuma, tuku, tuku, tuku, unasikika hata ukiwa ng'ambo ya mto mkavu. Injini iliyopata jina kubwa kwa kazi hii ni Lister, ya kiwanda cha Dursley nchini Uingereza, na baadaye nakala zake kutoka India. Aina ya CS ya miaka ya 1930 ilitoa nguvu za farasi 5 kwa mizunguko 600 tu kwa dakika. Simu yako ingeona aibu kwa spidi hiyo, lakini injini ilidumu.

Mizunguko 600 haitoshi kuvunja mahindi kwa vinyundo. Kwa hiyo fundi wa kisiagi alifunga puli kubwa upande wa injini na ndogo upande wa kinu, mkanda katikati. Puli ya injini ikiwa na kipenyo mara tano ya ile ya kinu, 600 inakuwa 3,000. Ukitaka spidi nyingine, kwa mfano kwa mashine ya kukoboa muthokoi, unabadilisha puli. Kuchagua spidi kulikuwa kazi ya spana na dakika ishirini za kutoa jasho.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kile kinachotokea debe la mahindi linapomiminwa. Mzigo unaongezeka kwa ghafla. Mlio unazama kidogo, bomba linatoa moshi mweusi, kisha tuku tuku inarudi pale pale ilipokuwa. Hakuna aliyegusa kitu. Aliyefanya kazi hiyo anaitwa gavana. Si yule wa Wote wala yule wa Kitui tuliyeanza kumchagua mwaka 2013. Ni vizito vinavyozungushwa na injini yenyewe. Injini ikienda kasi, vizito vinafunguka kwenda nje na kupunguza dizeli. Ikizama, vinarudi ndani na dizeli inaongezeka.

Tunafundishwa kwamba gavana ni kazi ya James Watt na injini yake ya mvuke, mwaka 1788. Kweli, ila nusu. Mwaka huo mshirika wake Matthew Boulton alitembelea Albion Mills, kinu kikubwa cha kusaga nafaka jijini London, akaona kifaa cha vizito vinavyozunguka kilichotumika kurekebisha mawe ya kusagia, akamwandikia Watt. Mwaka mmoja kabla, Thomas Mead alikuwa amepata hataza ya kifaa cha aina hiyo kwa vinu vya upepo. Kwa maneno mengine, kabla ya kwenda kwenye injini za mvuke, gavana alizaliwa kisiagini. Alipofika Kibwezi alikuwa amerudi kwao.

Kwa wenzangu wa programu: mwaka 1868 James Clerk Maxwell aliandika makala ya hisabati juu ya magavana, na hapo ndipo nadharia ya udhibiti inapohesabiwa kuanza. Mwaka 1948 Norbert Wiener alipotafuta jina la sayansi nzima ya kujirekebisha alichukua neno la Kigiriki la mshika usukani wa chombo, neno ambalo ndilo lililozaa "gavana" kupitia Kilatini. Mwaka 2014 watu wa Google wakalichukua tena kwa ajili ya Kubernetes. Sisi tuna usukani wetu na msukano wetu. Yamefanana kwa sauti, na sidai kwamba ni ukoo mmoja.

Kuna gavana mwingine ambaye Wakenya wote tunamjua, yule wa matatu. Sheria za Michuki, zilizotangazwa 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha matatu kufungwa kidhibiti kinachozuia gari kuvuka kilomita 80 kwa saa. Huyo hashikilii spidi. Anaweka dari tu. Matatu ikipanda mlima ikiwa imejaa na kushuka hadi 30, yeye hana habari. Namtaja kwa sababu watu wengi wakisema mashine yao "ina kidhibiti spidi" wana gavana wa matatu mawazoni, na kumbe kazi inataka gavana wa kisiagi.

Sasa stima. Sheria ya Nishati ya 2006 ilizaa mamlaka ya kusambaza umeme vijijini, na mwaka 2015 ukaja mpango wa Last Mile wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma. Visiagi vingi vilivyofikiwa na nyaya viliacha dizeli vikafunga mota. Mota ya kawaida, ile iliyotokana na hataza za Nikola Tesla za 1888, haina haja ya gavana wa vizito, kwa sababu spidi yake inafungwa na mapigo ya umeme wenyewe. Hesabu ni rahisi: 120 zidisha hezi, gawanya kwa idadi ya ncha za sumaku. Umeme wetu ni hezi 50. Mota ya ncha mbili inapata 3,000. Ikibeba mzigo inateleza kidogo, ndiyo maana kibao chake kinaandika kama 2,850. Ukiongeza mahindi inateleza zaidi kidogo, basi. Kazi ya tatu, ya kushikilia spidi, ilihamia kwa mitambo ya kuzalisha umeme, mbali na kijiji.

Ila sasa kazi ya nne, ya kubaki umesimama, ikawa tatizo jipya. Dizeli ikizimika imezimika; huwezi kuiwasha bila mtu kushika hendeli. Stima ikipotea inarudi yenyewe. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma ya kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, na nchi nzima ikakaa gizani kwa masaa. Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilikuwa la usiku kucha sehemu nyingi. Hayo ni makubwa yaliyoandikwa magazetini. Yale madogo, ya sekunde kumi au nusu saa, mkaaji wa Kitui au Makueni hayahesabu tena.

Fikiria mota ya kisiagi yenye swichi ya kawaida ya ukutani. Stima inapotea, mwenye kinu anaingiza mkono kutoa mahindi yaliyokwama, stima inarudi. Mafundi wa umeme walilijua jambo hili zamani, na jibu lao limetundikwa kwenye ukuta wa karibu kila kisiagi cha stima: stata. Ni kisanduku chenye kitufe cha kijani na chekundu. Ndani yake kuna kontakta, swichi inayoshikwa na sumaku ya koili, na koili hiyo inakula umeme ule ule inaouruhusu kupita. Stima ikipotea, koili inaachia. Stima ikirudi, njia imekatika, na hakuna kitakachozunguka mpaka mtu abonyeze kijani. Haina programu hata mstari mmoja. Ni mojawapo ya vifaa ninavyoviheshimu sana.

Kubadilisha spidi ya mota bila kubadilisha puli kulingoja elektroniki. Kama spidi inafuata hezi, basi tengeneza hezi zako mwenyewe. Danfoss wa Denmark walianza kuuza kifaa hicho kwa wingi mwaka 1968, na leo nakala za Kichina zinauzwa kwa bei ambayo fundi wa jua kali anaweza kuifikiria. Huyu ndiye inveta (si ile inayokaa na betri za sola, ingawa ni binamu). Inachukua hezi 50 na kutoa kuanzia chache hadi 400. Rudi kwenye hesabu: 120 zidisha 400 gawanya kwa 2 ni 24,000, na hiyo ndiyo namba utakayoiona kwenye kila tangazo la spindeli ya CNC.

Upande wa tarakilishi mambo yalikwenda kwa njia tofauti. John Parsons wa Michigan alitaka kukata vipande vinavyohusiana na mabawa ya helikopta na ndege kwa kutumia namba badala ya macho ya fundi. Jeshi la Anga la Marekani likatoa fedha mwaka 1949, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine iliyofuata mkanda wa karatasi wenye matundu. Akili yote ilielekezwa kwenye mihimili mitatu: kisu kiende wapi. Spindeli ilikuwa mgeni kwenye lugha hiyo. Hata kwenye kiwango cha RS-274-D kilichokamilika karibu na 1980, ambacho ndicho babu wa msimbo tunaoandika leo, mwendo una sarufi nzima, na spindeli ina M3, M4, M5 na herufi S yenye namba. S12000. Basi.

Kenya nayo haikuchelewa kama watu wanavyodhani. Ule mradi wa gari la Nyayo, ambalo lilionyeshwa hadharani Februari 1990, haukutuachia gari, lakini ulituachia karakana iliyogeuka kuwa Numerical Machining Complex mwaka 1994, Nairobi, yenye mashine za namba za kukata chuma. Kwa mtu wa Wote, hata hivyo, mashine hizo zilikuwa mbali kama MIT. Kilichomfikia ni Grbl, programu ya bure iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norway mwaka 2009, ambayo inakaa ndani ya bodi ya Arduino na kuelewa msimbo ule ule wa RS-274. Vile vimashine vidogo vya 3018, vyenye meza ya sentimita 30 kwa 18, vingi vinakuja na Grbl tayari.

Grbl ya mwanzo ilijua kuwasha na kuzima spindeli tu. Toleo la 0.9 likaleta spidi inayobadilika kwa mapigo ya PWM: umeme unawashwa na kuzimwa mara nyingi sana kwa sekunde, na upana wa pigo ndio unaosema spidi. Kuleta jambo hilo kulilazimu kubadilishana pini mbili, ya 11 na ya 12, na mpaka leo kuna watu wanaofuata mchoro wa zamani na kushangaa kwa nini swichi ya mhimili wa Z haifanyi kazi.

Tuseme una inveta inayopokea volti 0 hadi 10. Unaweka kidude cha kugeuza mapigo ya Arduino kuwa volti, unaipanga inveta kwamba volti 10 ni hezi 400, na kwenye Grbl unaandika $30=24000. Hapo S12000 inatoka kama nusu ya mapigo, volti 5, hezi 200, mizunguko 12,000. Ukisahau $30, ambayo inakuja ikiwa 1000, kila S utakayoandika itakuwa spidi ya juu kabisa. Njia nyingine ni kuongea na inveta kwa nyaya mbili za RS485, ambapo inaweza hata kukujibu inazunguka kiasi gani. Angalia tu kwamba zile Huanyang za bei nafuu zina lugha yao inayofanana na Modbus lakini siyo.

Lakini S ni ombi. Haina uwezo wa kushikilia chochote. Kwenye 3018, mota ndogo ya 775 inapokea mapigo nusu, na kisu kikiingia kwenye mbao ngumu spidi inaanguka huku Grbl ikionyesha S5000 bila wasiwasi. Huyo si gavana wa kisiagi, wala hata wa Michuki. Inveta yenye mota ya ncha mbili inashikilia vizuri zaidi kwa sababu ya hezi, lakini nguvu inapungua unaposhuka: spindeli ya kilowati 1.5 kwa hezi 400 inabaki na kama robo ya nguvu hiyo kwa hezi 100. Na ruta nzuri ya mkono, kama Makita RT0700C ya mizunguko 10,000 hadi 30,000, ina gavana wa elektroniki ndani yake. Unachagua spidi kwa kidole, na ikipata mzigo inajiongezea umeme. Kifaa ambacho watu hukidharau kwa sababu "hakiongozwi na tarakilishi" ndicho kinachofanya kazi ya tatu vizuri kuliko vyote kwa bei yake.

Je, tunahitaji kubadilisha spidi katikati ya kazi? Chukua mukau, mti wa kwetu unaokomaa haraka na kukataa mchwa, ambao KEFRI ya Kitui pamoja na Wajapani wa JICA wameushughulikia kwa miaka mingi. Kisu cha milimita 6 chenye makali mawili kikizunguka 18,000, na mashine yako dhaifu ikisogea milimita 600 kwa dakika, kila kali linakata 600 gawanya kwa 36,000, yaani chini ya milimita 0.02. Hayo si maranda, ni vumbi, na kisu kinasugua badala ya kukata. Tunapekecha moto. Shusha hadi 10,000 na utumie kisu cha kali moja, unapata 0.06 na maranda ya kweli. Kwa hiyo spidi ya chini ni muhimu kwetu wenye mashine nyepesi, lakini ukishaipata kwa mti huo na kisu hicho, huigusi mpaka jioni. Kidole kinatosha.

Kinachoniweka macho ni kazi ya nne. Grbl ukiitumia alama ya mshangao, mihimili inasimama na spindeli inaendelea kuzunguka. Ndivyo ilivyokusudiwa, si hitilafu. Toleo la 1.1 lina amri ya ziada ya kuizima wakati wa kusubiri. Kebo ya USB ikichomoka, bodi inamaliza hatua ilizokuwa nazo kisha inakaa kimya, kisu kikizunguka mahali pamoja ndani ya mukau. Tena kupekecha moto, na safari hii fundi yuko nje anapokea simu.

Halafu stima ipotee. Wengi wanategemea relei: bodi ikizimika, relei inaachia, salama. Ingekuwa kweli kama bodi ingezimika. Lakini Arduino inakula umeme wa USB kutoka kwenye laptopu, na laptopu ina betri. Kwa hiyo stima inapotea, mota za mihimili zinakufa, spindeli inakufa, na Arduino iko hai kabisa, inaendelea kutuma hatua hewani, na relei yake bado imeshika kwa sababu M5 haijafika. Dakika tatu baadaye stima inarudi. Spindeli inawaka yenyewe kisu kikiwa ndani ya mbao, mihimili inaanza kusogea kutoka mahali ambapo programu inadhani iko na siyo hapo ilipo, na pengine mkono wa mtu uko mezani unafuta vumbi. Ruta yenye swichi yake iliyobaki ON inafanya hivyo hivyo bila hata msaada wa relei. Inveta inategemea ulivyoipanga: ikiwa waya wa kuwasha umebaki umefungwa, nyingi zinaweza kuanza tena.

Ushauri wangu basi kwa fundi wa Kitui au Makueni mwenye mashine ya mbao: anza na ruta yenye gavana wake, spidi kwa kidole, relei ya Grbl kwa kuwasha na kuzima, na nyuma ya vyote hivyo stata ile ile ya kisiagi, inayolisha spindeli pamoja na umeme wa mota za mihimili. Inveta isubiri mpaka upate kazi ya alumini au ya kutwa nzima. Ikifika, iweke mbali na nyaya za swichi za mipaka, maana kelele zake za umeme huzidanganya.

Stata inasimamisha nguvu, lakini bodi iliyo hai kwa betri bado haijui. Kontakta nyingi zina kiunganishi cha pembeni kinachofunga pale koili inapoachia. Kipitishe kati ya pini A0 ya Arduino na grandi. A0 kwenye Grbl ni pini ya kusitisha: ikiguswa grandi, programu inajianzisha upya, spindeli inahesabiwa imezimwa, relei inaachia. Stima ikirudi kutakuwa na kimya mpaka ubonyeze kijani, urudishe mashine kwenye sifuri yake, na uanze kipande upya.

Ukimaliza kufunga, toa kisu, simama mbali, andika M3 S10000, kisha zima umeme kwenye swichi kuu ya ukutani ukiacha laptopu inaendelea kwa betri. Hesabu hadi ishirini. Washa tena, uangalie kama spindeli itajaribu kuzunguka.